Beshameli ya Unga wa Muhogo

Kitabu cha kwanza cha mapishi nilichosoma maishani mwangu kiliandikwa na mama yangu mzazi, kwa kalamu ya bluu, kwenye kauntabuku lenye jalada jeusi lililotafunwa na mende pembeni. Lilikaa chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya vitenge vyake na kadi zetu za kliniki. Nilikuwa darasa la tatu. Kusema kweli nilikuwa natafuta hela ya maandazi, nikakutana na fasihi.

Ukurasa wa kwanza ulisema: "Sosi beshameli. Maziwa vikombe 2. Samli vijiko 2 vikubwa. Unga vijiko 2. Kungumanga ikiwepo. Usiache kukoroga. Usiongee na mtu." Ukurasa wa pili: "Gratini." Wa tatu: "Krepu." Wa nne: "Omuleti ya watu sita." Mbele kidogo palikuwa na kitu kinaitwa "vinegreti", na pembeni yake, kwa kalamu nyekundu: "Nimetia ndimu badala ya siki. Hawajagundua."

Nilisoma lile daftari kwa wiki nzima, kila Mama akienda shamba. Sikuelewa hata neno moja kati ya yale mageni, na nadhani ndiyo sababu nilishindwa kuliacha. Beshameli nilidhani ni jina la mwanamke. Nilimwona kabisa: mrefu, mweupe, ana kilemba, haongei na mtu. Siku Mama aliponikuta nalo hakunichapa. Alilichukua, akalifunga, akalihamishia mahali pengine, na ukawa mwisho wa habari hiyo. Katika miaka yote ya utoto wangu hakupika hata chakula kimoja kati ya vile. Kwetu tulikula ndizi na maharage, ugali wa muhogo na dagaa, mchicha, na sikukuu wali na nyama.

Kwetu ni Kanazi. Nikisema hivyo watu wa Kagera huuliza, Kanazi ipi? Maana ipo ya Bukoba, kule Kianja, alikojenga Mukama Kahigi. Yetu ni Kanazi ya Ngara, ya Wahangaza, ya migomba na mihogo na vilima vya kupanda na kushuka, ambako ukipata mtandao unasimama hapo hapo husogei. Mama amezaliwa hapo, ameolewa hapo, na kazi ya kuajiriwa ameifanya mara moja tu maishani. Miaka miwili na nusu. Alikuwa mpishi wa Wafaransa.

Mtu wa Ngara hahitaji kuelezwa hilo liliwezekanaje, ila nyie wa mbali nawaeleza. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa kama siku moja tu, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Waliwekwa Benaco, mahali palipokuwa na jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyowahi kupiga kambi hapo, na kwa kipindi fulani Benaco ikawa ndiyo kambi kubwa kuliko zote za wakimbizi duniani. Nyuma yao yakaja mashirika, na nyuma ya mashirika zikaja Landkruza, redio za upepo, na ajira. Dereva, mlinzi, mkalimani, mfuaji, mpishi. Mama alikuwa na miaka 26, ana cheti cha darasa la saba na mtoto wa miaka miwili, ambaye ndiye mimi. Alikuwa akiuza chai na chapati stendi ya Ngara. Mtu akampeleka kwenye nyumba ya wafanyakazi wa shirika moja, kilomita chache kutoka kambini, akaambiwa: pika. Akapika ndizi. Wakala, wakashukuru, kesho yake mwanamama mmoja wa pale, mtaalamu wa maji, akaingia jikoni akiwa na unga wa ngano na maziwa, akamwonyesha namna ya kufanya ile sosi kama bibi yake alivyomfundisha.

Hayo nilikuwa nayajua. Kila mtu nyumbani alikuwa anayajua. Nisilolijua ni kwa nini daftari lilifichwa.

Sasa niwaambie ilikuwaje nikampeleka mama yangu kula mchana kwenye mgahawa wa Kifaransa, maana huo ndio mkasa wenyewe.

Nafundisha fasihi sekondari, Mwanza. Kama wengi wenu, usiku nasoma vitu visivyonihusu. Nikasoma kuhusu mgahawa mmoja wa Tokyo unaoitwa L'Effervescence. Mpishi wake ni Shinobu Namae, mapishi yake ni ya Kifaransa, viungo vyake ni vya Japani, na chakula chake kinachojulikana kuliko vyote ni tanipu. Tanipu moja. Mzizi mweupe, ndugu yake kabichi, anaupika saa nne polepole, anaupitisha kwenye kikaango, anauleta mezani kama mlo kamili unaojitegemea. Mwishoni mwa mwaka 2020 mgahawa huo ukapewa nyota tatu za Michelin. (Ndiyo, Michelin hao hao wa matairi. Walianza kutoa kitabu cha kuwaongoza wenye magari mwaka 1900, leo wapishi wanalia machozi kwa ajili yao.)

Nilisoma habari ya ile tanipu nikamfikiria Mama na ndimu zake. Nikafuatilia zaidi. Wajapani hawakuanza jana. Shizuo Tsuji alifungua chuo cha upishi Osaka mwaka 1960, akawaleta Wafaransa wenyewe waje kufundisha. Paul Bocuse alifika Japani mwaka 1972, na inasemwa kwamba na yeye alirudi Ufaransa na mawazo ya Kijapani, ya sahani zenye nafasi na vitu vichache. Mwaka 2020 Kei Kobayashi akawa Mjapani wa kwanza kupata nyota tatu akipika Paris kwenyewe. Kwa hiyo siku hizi mtu akila Kifaransa huko Tokyo, au hata Paris, ni vigumu kusema nani kamfundisha nani. Nikajiuliza kama kuna mahali karibu na kwetu pa namna hiyo, mapishi ya kwao, viungo vya kwetu. Nikaambiwa upo mgahawa Kigali.

Na Kigali tulikuwa na safari. Mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mwaka jana, na daktari alitaka kumwona tena. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Kanazi kumchukua. Nilipomwambia kwamba tukitoka kwa daktari tutakula kwenye hoteli ya Kifaransa, alinyamaza muda mrefu akiendelea kumenya maharage.

"Kifaransa cha kina nani?"

"Cha Wanyarwanda, Mama. Ila wanatumia vyakula vya huku. Ndizi, muhogo."

"Sasa si tule hapa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mwanangu, unanipeleka nikale, au unanipeleka ukaniandike?"

Nilimjibu kwamba nampeleka akale. Mnaona wenyewe.

Tulitoka alfajiri, Noah hadi Ngara mjini, kisha gari jingine kupitia Benaco. Pale Benaco sasa ni njia panda kama njia panda nyingine zote, malori ya kwenda Rwanda na Burundi, mahindi ya kuchoma, vijana wa kubadilisha faranga. Mama hakuangalia nje. Rusumo tukavuka kwa miguu sehemu ya mwisho. Daraja la sasa si lile la 1994. Hili lilijengwa kwa msaada wa Japani, likazinduliwa pamoja na kituo cha pamoja cha forodha Aprili 2016 na Magufuli na Kagame. Lile la zamani bado lipo pembeni, jembamba, na chini yake maji ya Kagera yanaanguka yakiwa mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Nilitaka kumwambia Mama habari ya Wajapani wanaopika Kifaransa na Wajapani waliotujengea daraja, nikaona ni kelele. Alikuwa anasimama, anatazama lile daraja jembamba, anatembea tena.

Upande wa pili unapata saa moja ya bure, kwa sababu saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu, na gari linahamia kulia mwa barabara. Mama alikuwa amefunga ndizi za kuchemsha kwenye jani la mgomba. Wao walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, sisi tukawafuata 2019, lakini watu wa mpakani walizoea mapema. Zile ndizi tukazila Kayonza. Tukalala kwa ndugu. Asubuhi daktari akamwangalia, akasema jicho liko safi, na saa sita za kwao tukawa Kimihurura, mbele ya mgahawa.

Jina la mgahawa nalihifadhi. Mama amenikataza nisimharibie kijana wa watu biashara kwa sababu ya sosi moja.

Ni nyumba ya matofali juu ya kilima, ina bustani, meza kumi hivi, vitambaa vyeupe. Mhudumu alitupokea kwa Kifaransa, akaona hatuelewani, akahamia Kiingereza, na kabla sijafungua mdomo Mama akamwambia, "Muraho." Basi. Yule binti akabadilika uso. Kihangaza na Kinyarwanda si lugha moja ila wanaelewana kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, na kuanzia hapo mimi ndiye niliyekuwa mgeni pale mezani. Nikaachiwa orodha ya vyakula niisome peke yangu.

Kwanza zilikuja sambaza za kukaanga na mayonezi. Mama akaitazama moja kwa lile jicho lake jipya, akaila nzima na kichwa. "Hawa ni dagaa wa Kigoma." Nikamwambia hapana Mama, ni samaki wa Ziwa Kivu. Akasema, "Dagaa wa Kigoma hawa." Nilikuja kusoma baadaye: Kivu haikuwa na samaki hao. Walichukuliwa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakapandikizwa kule. Kwa hiyo Mama alikuwa sahihi, mimi mwalimu nilikuwa napinga tu.

Ikaja supu ya maharage, iliyochujwa hadi ikawa laini kama uji wa mtoto, na tone la krimu katikati. Hiyo alikula bila kusema lolote, isipokuwa kwamba kazi ya kuchuja maganda ni kazi ya mtu asiye na watoto. Mimi niliagiza sungura kwa haradali, pembeni muhogo wa kukaanga. Sungura alikuwa mtamu, sina la kuongeza. Mama nilimwagizia gratini ya ndizi.

Ilikuja kwenye bakuli la udongo jeusi, juu imeungua kidogo rangi ya dhahabu, jibini ya Gishwati inatokota. Ndizi zilikatwa vipande vyembamba vikapangwa kama vigae. Ilikuwa nzuri kuitazama, mnielewe, na nilikuwa natazama uso wa Mama kuliko nilivyotazama bakuli. Sijui nilitegemea nini. Labda alie. Labda aseme, mwanangu, umenirudisha. Sisi tunaosoma sana tuna ugonjwa huo, tunawapangia wazazi wetu mahali pa kulia.

Mama akala kijiko kimoja. Akala cha pili. Akaweka kijiko chini, akamwita yule binti na kumuuliza kitu. Binti akaenda jikoni. Akatoka kijana wa kama miaka thelathini, kofia nyeupe, mikono imekunjwa, anajifuta kwa taulo, uso wa mtu anayejua ameitwa kwa lawama.

Walivyoongea wao naandika kwa Kiswahili, na vingine alinifafanulia Mama baadaye.

"Kuna tatizo, Mama?"

"Hakuna tatizo, mwanangu. Hii sosi ni ya unga wa muhogo."

Yule kijana akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. "Ni kweli. Wageni wengi siku hizi hawali ngano. Umejuaje?"

"Inavuta." Akachovya uma, akauinua, na kweli ukaning'inia uzi mwembamba, kama utomvu wa fenesi. "Umeiacha motoni ikapitiliza. Ya ngano inataka kuchemka. Hii ukiona imeng'aa tu, unaepua."

"Baada ya dakika ngapi?"

"Mimi sijui dakika. Inang'aa."

Kijana akachuchumaa pembeni ya meza. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Hakuwa na aibu na hakujifanya. Akauliza kuhusu maziwa. Mama akasema yawe baridi. Unga unaukoroga humo kwanza, ndipo unamimina kwenye samli ya moto. Ukianza na samli na unga, kama wanavyofundisha wenyewe, muhogo unafanya madonge. Unga usiwe wa muhogo uliovundikwa, kwa sababu ule una harufu, na kungumanga haiwezi kuificha. Mihogo mitamu, imenywe, ianikwe siku hiyo hiyo, itwangwe, ichekechwe mara mbili. Mwiko uende upande mmoja. Kijana alikuwa anaandika kwenye kikaratasi cha oda.

"Mama ulisomea wapi kazi hii?"

"Benaco."

Ule mwandiko ukasimama. Sijui kama nyie mnafahamu uzito wa neno hilo likitamkwa Kigali. Kati ya waliovuka lile daraja walikuwemo watu waliokimbia kifo, na walikuwemo watu waliotoka kuua, na kwa kuwatazama tu wakiwa kwenye foleni ya mahindi usingeweza kuwatenganisha. Kijana alikuwa mtoto mchanga wakati huo, kama alikuwa amezaliwa. Hakumuuliza Mama alikuwa Benaco akifanya nini, na Mama hakumuuliza wao walikuwa upande gani wa mto. Akakunja kile kikaratasi, akakitia mfukoni, akasema asante Mama kwa mikono miwili, akarudi jikoni.

Mimi, bwana mwandishi, moyo ulikuwa unanidunda. Niliona nimepata makala. Mawazo yote yalikwishajipanga: Namae na tanipu yake wanaitwa wabunifu, mama yangu wa Kanazi alikuwa amevumbua beshameli ya muhogo mwaka 1994 akiwa na jiko la mkaa, na wao wakamwita mpishi wa nyumbani, tena mshahara kwa siku. Nikamwambia. Nikamwambia, Mama, wewe ulifanya kitu ambacho watu wa Tokyo wanapewa nyota.

"Ngano ilikuwa imeisha," akasema.

"Ndiyo, lakini ukabuni..."

"Ngano ilikuwa imeisha, mwanangu. Gari lilikwama njiani na mvua. Nisikilize kwanza."

Akaniambia hivi. Mara ya kwanza alipojaribu kwa unga wa muhogo walikuwa wanatarajia wageni, sosi ilikuwa ya maziwa lita tatu. Akaifanya kama alivyofundishwa, ikawa gundi. Ungeweza kubandikia bahasha. Akaiogopa. Akatoka nayo nyuma ya jiko haraka kabla mtu hajaona, akaimwaga kwenye shimo la takataka, lita tatu zote. Alipoinua kichwa, upande wa pili wa uzio alikuwa amesimama mwanamke na mzigo wa kuni kichwani, mtoto mgongoni. Wanawake wa kambini walikuwa wanatembea mbali sana kutafuta kuni, miti ya karibu ilikwisha mapema. Yule mwanamke alikuwa anatazama shimo.

"Akaniambia mwiriwe. Nikamwitikia mwiriwe. Basi akaondoka."

Nikasubiri.

"Angeomba ningempa kitu kingine. Mkate ulikuwepo. Hakuomba. Na mimi sikumwita. Niliogopa wataona nimeharibu maziwa."

Aliendelea kula gratini yake wakati anasema haya, kidogo kidogo, kwa sababu Mama habakishi chakula. Akasema jioni ile alikaa jikoni na unga kijiko kimoja na maziwa nusu kikombe, akajaribu, akajaribu, mpaka akapata, ili asimwage tena. Ndiyo hiyo niliyoiita uvumbuzi. Akaiandika kwenye daftari. Akafanya kazi ile mpaka Desemba 1996, serikali ilipowarudisha wakimbizi kwao na mashirika yakaanza kufunga vitu kwenye maboksi. Walimpa barua nzuri ya kumshukuru na sufuria mbili. Sufuria moja bado tunayo.

"Kwa hiyo ndiyo maana hukutupikia."

"Ningewapikia nini? Kila nikikoroga namwona." Akanyamaza. "Halafu maziwa lita tatu tungeyatoa wapi."

Hapo ikaletwa vitindamlo, na namshukuru Mungu ikaletwa. Yalikuwa magogwe, yale matunda ya umbo la yai, mekundu, chachu, ambayo kule wanayaita ibinyomoro, yamechemshwa kwenye asali. Nikaangalia kwenye orodha yameandikwaje. Prune du Japon. Yaani plamu ya Japani. Nikaanza kucheka peke yangu, Mama akaniuliza kuna nini, nikashindwa kumweleza. Tunda lenyewe asili yake ni milima ya Amerika Kusini. Aliyelipa jina la Japani sijui alikuwa anaota nini, lakini Rwanda na Burundi wanaozungumza Kifaransa wameshikilia jina hilo, na Japani haina habari. Nilitoka Kanazi nikitafuta Ufaransa iliyopikwa kwa vitu vya Japani, nikaikuta kwenye kibakuli, na ilikuwa ni tunda linaloota nyuma ya choo chetu.

Nimejaribu baadaye kuirudia ile hoja yangu ya nyota na tanipu. Sehemu yake bado naiamini. Hata neno beshameli limetokana na Louis de Béchameil, aliyekuwa msimamizi wa nyumba ya mfalme Louis wa 14, bwana ambaye sidhani kama aliwahi kushika mwiko. Aliyekoroga hana jina. Lakini siwezi kuiandika hoja hiyo kwa hasira niliyokuwa nayo pale mezani, maana mwenye haki ya hasira hakuwa nayo. Nikimsifu kwa ile sosi, yeye ananijibu kwa lile shimo. Na sijui nifanye nini na hilo.

Bili nililipa mimi. Mama alitaka kujua ni kiasi gani, nikamdanganya nusu, na hata hiyo nusu akaipigia hesabu kwa mikungu, akanyamaza mpaka Rwamagana. Kabla hatujaondoka yule kijana alitoka tena na kifurushi kidogo cha karatasi. Kungumanga, tano. Mama alizipokea akazinusa moja moja.

Kwenye basi, karibu na Kirehe, nikamuuliza kama naweza kuandika. Nilijua nitaandika tu, ila nilimuuliza.

"Andika. Lakini yule mama mwandike kwanza, kabla ya sosi."

Mnaona kwamba sikumtii. Nimejaribu mara nne kuanza naye na sikuweza, kwa sababu simjui. Najua kuni, najua mtoto mgongoni, najua mwiriwe. Mama mwenyewe hamjui zaidi ya hapo. Kama aliishi, na kama alirudi Desemba ile kupitia daraja jembamba, leo ni bibi mahali fulani kati ya vile vilima tulivyokuwa tunapita, na inawezekana hakumbuki lolote kuhusu shimo hilo, maana aliona makubwa zaidi.

Kanazi tulifika usiku. Kesho yake nilikuwa napanga begi nirudi Mwanza nikasikia harufu isiyo ya nyumbani kwetu. Nikaenda jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ile sufuria ya Wafaransa iko jikoni, mkaa mwingine juu ya mfuniko. Kauntabuku lilikuwa wazi juu ya gunia la maharage. Miaka yote hiyo nililitafuta, kumbe lilikuwa kwenye chungu cha mbegu. Watoto wa dada yangu walikuwa wamejipanga mlangoni.

"Usiongee na mimi," akasema, anakoroga.

Maziwa yalikuwa ya jirani, vikombe viwili. Ndizi zilikatwa nene, hakuna vigae wala nini. Jibini hatuna. Sosi ilipoanza kung'aa akaiepua, akaimimina juu, akarudisha mfuniko na mkaa wake. Tulikula kwa sahani za plastiki, uani. Mtoto mdogo wa dada alionja, akafikiri sana, akauliza kama maharage yapo. Mama akasema yapo, akaenda kumpakulia.